Maji Yote Yanakwenda Migombani

Mama yangu alikuwa ameuegemeza ukuta wa nyuma wa nyumba yake kwa gogo la mkorosho, na bado alikuwa akiusifia. "Huo hauanguki," ananiambia kila nikija kutoka mjini. "Umechoka tu, unapumzika." Ukuta wenyewe ulikuwa umetoa tumbo upande wa chumba anacholala. Udongo ulimeguka hadi fito zikaonekana, na fito nazo mchwa walikuwa wamezila zikabaki maganda. Kila mvua za Desemba zikikaribia, mimi moyo unanienda mbio. Nyumba ya udongo iliyochoka haiangushwi na jua. Inangoja iloe, na ikianguka haimuulizi mtu kama ameamka.

Wakati huo nilikuwa nikipika katika nyumba ya wageni huko mjini, mtaa wa Shangani, na nilikuwa nimepanga vyumba viwili vya kisasa: vigae chini, bati juu, dari ya plastiki nyeupe, madirisha ya vioo vya kusukuma. Nikamchukua mama akae nami. Hakumaliza mwezi. Mchana alishinda barazani kwa sababu ndani kulikuwa kunachoma, na kwenye vigae alitembea ameshika ukuta kama mtu anayevuka mto. Feni ilikuwa inahamisha joto kutoka kona hii kulipeleka kona ile, na umeme ukikatika tulijipepea kwa vifuniko vya sufuria.

"Hii si nyumba," akasema, "hiki ni chungu. Kazini unapika, ukirudi unapikwa wewe."

Nilicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Akafunga kanga zake akarudi kijijini, kwa ukuta wake uliochoka.

Basi nikaamua kwamba kama mama haji kwenye nyumba yangu, nyumba yangu itamfuata mama. Baba alituachia shamba kati ya Madimba na Msimbati, mikorosho nyuma, minazi michache mbele, na fungu langu lilikuwa jirani kabisa na kwa mama, kiasi kwamba akipuliza moto jikoni kwake nasikia. Nilitaka nyumba ya sisi wawili. Nyumba ya kupoa bila feni, isiyoliwa na mchwa, isiyotupa hata tone la maji, maana mchanga wetu hauna huruma: ukimwaga ndoo, ukigeuka haipo. Mambo mengine niliyajua tangu utotoni. Mengine niliyaona kwenye simu, watu wa nchi za mbali wakijisifia mambo ambayo bibi yangu aliyafanya bila kumwambia mtu.

Na mimi pia ni mtu wa kujisifu, nisifiche. Nikitenda jambo likapendeza, siwezi kunyamaza. Kwa hiyo kijiji kizima kilijua habari za nyumba ile kabla haijawa na hata nguzo moja.

Nilianza na mbaazi. Mvua zilipofika nilipima kwa kamba mahali ukuta wa magharibi utakaposimama, nikapanda mbaazi mstari mzima nje ya kamba. Watu walipita wakicheka, wakiuliza kama ninajenga nyumba ya mbaazi. Mimi nilikuwa na hesabu yangu: jua la alasiri ndilo linaloua chumba, na mbaazi za kwetu zikikolea zinampita mtu kimo. Mpaka kiangazi kiingie na fundi aanze kuchimba misingi, ukuta ambao haujajengwa ulikuwa tayari una kivuli.

Fundi alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye tabia ya kuzungumza na ukuta anaoujenga. Mwanzoni hakunielewa. Alitaka tofali za saruji, nami nikasema la, tutajenga kwa miti na udongo, ila udongo wenyewe uwe wa kichuguu. Mchwa wameshautafuna na kuuchanganya na mate yao, ukikauka maji yanapita juu yake. Akakuna kichwa. "Dada," akasema, "unataka kuwakimbia mchwa kwa kuhamia kwenye nyumba yao?" Lakini alipoukanda udongo ule pamoja na mchanga na nyasi kavu, akaupiga ukutani, akaugonga kwa ngumi baada ya kukauka, aliuambia ukuta, "Haya, umeshinda."

Nguzo tulizipaka mafuta ya maganda ya korosho. Huku kwetu kila mtu anajua mafuta hayo yanavyokaa kwenye mti: meusi, mazito, na mchwa akiyanusa anageuza njia. Kila mtu anajua pia yanavyobabua ngozi. Mimi niliyejua yote hayo nilijikuna shavu kwa mkono uliotoka kupaka nguzo, nikaamka uso umevimba upande mmoja. Mama alinipaka mafuta ya nazi huku akicheka hadi machozi yakamtoka. "Sasa mchwa hawakuli wewe," akasema. "Umeshakingwa." Alikuwa akija kila siku siku hizo. Anakuja na kibao chake cha mbuzi, anakuna nazi palepale kwenye kivuli cha mbaazi, anatoa amri ambazo hakuna aliyemwomba. Nilimwona akiipenda ile nyumba, na nikafurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Juu tuliweka bati, kwa sababu nilitaka maji ya mvua yaingie tangini, visima vyetu vina chumvi. Lakini chini ya bati tulitandaza dari ya fito na udongo kama za nyumba za zamani, na kati ya bati na dari tukaacha nafasi, tukatoboa matundu pande mbili ili upepo wa baharini uingie huku utokee kule na joto uondoke nalo. Choo kilikuwa cha majivu: hakina maji, ukimaliza unatia majivu na majani makavu, na baada ya muda mrefu unachota mbolea isiyo na harufu, unaipeleka kwenye mipapai. Mama aliposikia habari ya mipapai alisema yeye papai halimtamanishi tena.

Fahari yangu kubwa lakini ilikuwa maji. Bafu lilikamilika mwanzo, tukaoga humo nyumba ingali mifupa. Maji yalitoka bafuni kwa mfereji, yakapita kwenye shimo lililojaa kokoto, mkaa na makumbi ya nazi, yakatokea kwenye migomba niliyoipanda duara. Ya kuoshea vyombo vilevile. Hata sakafu za vyumbani tulizimwaga kwa chokaa na mchanga, tukazilaza kidogo upande mmoja, ili ukipiga deki maji yafuate ukuta, yatoke kwenye kitundu, yaende migombani. Migomba ilinenepa. Kiangazi kikali, mikorosho ya watu imejaa vumbi, na mimi nina majani ya kijani mpaka macho yanapoa. Gesi inatoka kwetu inapita chini ya ardhi kwenda Dar es Salaam, sisi tunaendelea kupikia kuni, lakini maji yangu hayakwenda popote.

Nyumba ilipokwisha, nikaalika majirani. Nilipika wali wa nazi na samaki, nikawatembeza. Mama alikuwa amevaa kanga mpya na alikuwa tayari amehamishia mkeka wake na sanduku lake kwenye chumba nilichomtengea, kile cha upande wa upepo. Majirani walishika kuta, wakaingiza vichwa chooni wakinusa, wakakubali kwa shingo upande kwamba hakunuki. Tulipofika migombani nikasimama kama mtu anayetoa hotuba.

"Katika nyumba hii hakuna tone linalopotea," nikasema. "La kuoga, la vyombo, la deki. Maji yote yanakwenda migombani."

"Yote?" mama akauliza.

"Yote, mama. Hata ukimwaga kikombe chumbani kwako, kitafika hapa."

Majirani wakapiga vigelegele. Mama hakupiga. Alitazama migomba, akatazama upande wa chumba chake, kisha akasema anakwenda kulala kidogo kwake, amechoka. Jioni nikakuta mkeka umeondoka. Kesho yake sanduku nalo likaondoka.

Nilimfuata. Ukuta ulikuwa umeongeza tumbo, na gogo lilikuwa limejichimbia mchangani.

"Mama, kuna nini?"

"Upepo mwingi mno kule. Mifupa yangu haiwezi."

Nikamfanyia pazia la mkeka dirishani. Akasema migombani kuna vyura na hapendi kelele zao. Nikamtafutia fundi afunike shimo kwa mbao. Akasema choo cha majivu kinamtia kinyaa. Nikamwambia choo chake cha zamani kipo, atumie hicho, hakuna atakayemzuia. Akasema basi ataona. Kila nikiziba tundu moja alitoboa jingine, na mawingu huko upande wa Ruvuma yalianza kujikusanya alasiri na kutawanyika, kukusanyika na kutawanyika. Siku moja nilipandisha sauti. Nilimwambia ananidhalilisha mbele za watu, nimejenga nyumba ya kumwokoa yeye na yeye amechagua kufukiwa na ukuta.

Mama yangu anazungumza Kiswahili na watoto wake, lakini akikasirika anarudi kwenye Kimakonde, na neno la kwanza kugeuka Kimakonde ni "mimi".

"Nangu," akasema, "silali humo. Basi."

Na nilipolisikia hilo "nangu" nilijua mazungumzo yamekwisha. Nikarudi kwangu nikikanyaga mchanga kwa hasira. Nyumba nzuri ile, yenye upepo na harufu ya chokaa mpya, nikakaa peke yangu nikala ndizi zangu zisizo na ladha. Niliumia. Nilidhani haitaki nyumba kwa sababu nimeijenga mimi.

Kisha akafariki bibi mmoja jirani yetu, shoga wa mama tangu usichana. Tulikwenda wote wawili. Wanawake walituita chumbani kusaidia kuosha, na mama akanishika kiwiko nisibaki uani na wapikaji. Chumba kilikuwa cha udongo mtupu. Kilikuwa na kitanda cha kamba katikati, na chini ya kitanda mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti anachimba kwa jembe fupi. Alikuwa anachimba ufuo, ule mfereji wa maiti: maji ya kumwoshea yanapita katikati ya kamba, yanaingia humo, yanafukiwa humohumo, na hakuna mtu anayeyakanyaga wala kuyaona tena. Nilikuwa nimeona ufuo nikiwa mdogo, nikasahau. Mjini siku hizi maiti huoshewa bafuni au msikitini, maji yanakwenda yanakokwenda, hakuna anayeuliza.

Tulimwosha yule bibi kwa utaratibu wote, maji ya majani ya mkunazi, maji ya karafuu maiti. Mama alimwagia maji mabegani kwake polepole, akisema naye kwa sauti ya chini kama walivyokuwa wakisemezana kisimani. Mwisho udongo ukarudishwa, ukashindiliwa kwa viganja.

Tukiwa njiani kurudi baada ya mazishi, mama akasimama.

"Umeona maji yake yalikokwenda?"

"Nimeona."

"Ya kwangu yatakwenda wapi?"

Niliiona sakafu yangu ya chokaa, ngumu, iliyolala upande mmoja kwa ufundi. Nikakiona kitundu. Nikaona mfereji, makumbi, mkaa, na mwisho wake duara la migomba iliyonenepa. Nikasema jambo la kipumbavu, nikasema siku hizi watu huoshewa bafuni.

"Na bafu lako linakwenda wapi?"

Nikainama kutoa mchanga kwenye ndala.

"Wajukuu zangu watakuja likizo wale ndizi za maji yangu," akasema. "Mimi si mbolea, mwanangu."

Nilikuwa na machozi tayari ya msiba, lakini hapo nilicheka, na yeye akacheka, tukashikana mikono katikati ya njia watu wakitupita. Nilimuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo, akanifanya nizunguke na mapazia na vyura.

"Mtu haingii nyumba mpya ya mwanawe," akasema, "akaanza kuuliza pa kufia. Ni kukosa adabu."

Nilifikiri sana njia nzima iliyobaki. Nyumba nzima niliifikiria kwa watu wanaooga, wanaokula, wanaokwenda chooni, na kila walichokiacha nilikitafutia kazi. Sikuacha mahali pa kitu ambacho hakitakiwi kufanya kazi tena. Mama alitaka nyumba ya kuishi mpaka mwisho, na mwisho nao una maji yake.

Asubuhi nikamwita fundi. Nilipomwambia avunje sakafu ya chumba cha mama, aliniangalia kama nimemwambia avunje miguu yake.

"Sakafu hii nimeipiga kwa nyundo za mbao mpaka viganja vikatoka malengelenge," akasema. "Kosa lake nini?"

"Haina kosa. Ni ngumu tu."

Nikamweleza. Akasikiliza, akavua kofia, akaivaa tena. Akaniambia hata mama yake yeye alikwenda kwa ufuo, na kwamba angeulizwa mapema angesema, lakini mimi nilikuwa naongea sana. Hilo nililimeza. Akaiomba radhi sakafu kwa sauti, akaanza kuivunja.

Kitundu tulikiziba. Mfereji wa upande ule tukauhamisha, usipite tena karibu na chumba. Chini ya chokaa kulikuwa na mchanga mtupu ambao usingeshika kuta za shimo, kwa hiyo tukauchota, tukajaza udongo wa kichuguu, tukaumwagia maji, tukaushindilia kwa miguu. Mimi na fundi tulikwenda mbele na kurudi nyuma kama watu wanaocheza ngoma bila mpigaji. Wingu lilikuwa limetanda. Mama alikuja, akasimama mlangoni na bakora yake, hakutoa amri hata moja. Mwishoni nikapiga magoti, nikaisiliba sakafu kwa kiganja kutoka ukutani kuja mlangoni, jinsi alivyonifundisha mwenyewe nilipokuwa msichana nyumbani kwake. Tukaiacha ikauke.

Ilipokauka nilimwita aje aione. Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama na mvuke wa mvua isiyonyesha umebana kila mahali. Akavua ndala mlangoni. Akaikanyaga kwa unyayo, akaikanyaga tena.

"Ina ubaridi," akasema.

Kisha, kabla sijajua anachofanya, alikaa chini, akatandika upande wa kanga yake, akajilaza chali katikati ya chumba, mikono ubavuni.

"Mama, amka, usinifanyie hivyo."

"Kaa kimya, napima." Akasogea kidogo. "Kichwa hapa. Miguu upande wa dirisha. Kitanda kitatosha?"

"Kitatosha," nikasema, nikijipangusa macho.

"Utachimba wewe. Usimwachie mtu. Wewe umezoea udongo sasa." Akafumba macho. "Na usilie, sijafa. Naangalia nyumba yangu."

Nilikaa karibu naye, mgongo ukutani. Upepo uliingia kwa matundu ya juu, nje mbaazi zilisuguana na ukuta. Nilidhani ananitania, atafumbua macho wakati wowote aniambie pazia limekaa vibaya. Nilingoja. Nikaona kifua chake kinapanda na kushuka taratibu, mdomo umefunguka kidogo, mkono mmoja umetoka ubavuni na kulala wazi juu ya udongo. Akaanza kukoroma. Sikuwahi kufurahia mkoromo wa mtu namna ile.

Matone ya kwanza yakagonga bati. Nikamsikia fundi akija mbio kutoka kwa mama, akipiga hodi kabla hajafika. Nikatoka upesi nikamkuta barazani amebeba gogo begani.

"Bibi yuko wapi?" akauliza. "Nimekwenda kwake simwoni. Mvua hiyo, niuwekee ule ukuta gogo jingine."

Nikaweka kidole mdomoni. "Polepole. Amelala."

"Amelala wapi?"

"Kwake," nikasema.